Saa za kazi za mzazi, saa za kuwa macho za mtoto

Katika kazi yangu ya ustawi wa jamii hapa Mtwara, mzazi akilalamika kwamba hana muda na mwanawe simwulizi anafanya kazi saa ngapi, bali ni saa zipi yeye na mtoto huwa macho pamoja. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, lakini saa hizo zikiangukia usiku, yaani kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi, mwajiri hudaiwa nyongeza ya asilimia 5 tu, kiasi ambacho kwa maoni yangu hakilingani na kinachopotea nyumbani.

Chukua mpakiaji wa magunia wa zamu ya usiku kwenye ghala msimu wa korosho unapochanganya, kuanzia Oktoba. Anarudi nyumbani asubuhi mtoto akiwa anavaa sare, mtoto naye akirudi na daftari lake lenye alama za vema, anaambiwa, "Usipige kelele, baba kalala." Ukihesabu saa, baba huyo yuko nyumbani mchana kutwa.

Sheria hiyo hiyo inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84, kisha hadi saa mbili za kunyonyesha kwa siku. Ni haki nzuri, ila mama anayeishi Naliendele na kufanya kazi mjini hujikuta saa hizo zikiishia njiani, na wengi hawaziombi kabisa. (Baba hupewa siku 3, sina la kuongeza.)

Mvuvi wa Mikindani hana mwajiri wala zamu. Yeye hufuata maji kujaa na kupwa, na kwa kuwa maji huchelewa takribani dakika 50 kila siku, wiki hii anatoka alfajiri na ijayo anatoka adhuhuri. Kumwambia atenge saa moja kila jioni ni kumpa ushauri wa mtu wa ofisini. Mimi humshauri ayaambatanishe mazungumzo na watoto na jambo fulani badala ya saa: mlo wowote atakaokula nyumbani siku hiyo, ale na watoto, na daftari likaguliwe hapo hapo. Mkulima anayeokota korosho na wanawe baada ya masomo namhesabia muda huo wote, kwa sababu chini ya mkorosho watu huongea sana.

Kwa waajiri wenye zamu ombi langu ni moja: ratiba ibandikwe mapema, si jioni ya kuamkia zamu, ili baba na mama wanaofanya kazi wote wawili waweze kupishana bila kumwacha mtoto kwa jirani.