Nuru ya kwanza siyo makabidhiano

Juzi tena. Picha ya kwanza ya darubini yetu, ile tunayoiita nuru ya kwanza, imetoka, makofi yamepigwa, mgeni mmoja ananigeukia: "Kwa hiyo sasa mnapumzika?" Nikamwambia galaksi ile tuliitafuta dakika 40. Akacheka, akidhani namtania.

Watu huamini kompyuta ikishajua nyota ilipo, basi darubini itaelekea papo hapo. Kompyuta inajua. Chuma ndicho hakijui. Uinamishe mtambo mzito namna ile kutoka utosini kuelekea upeo wa macho: fremu inapinda kwa uzito wake, kioo cha pili kinashuka kidogo, na mhimili ulioapiwa kuwa wima kumbe umeegemea. Hewa nayo inapinda nuru. Ukiwa usawa wa bahari, nyota iliyo nyuzi 45 juu ya upeo unaiona imepanda karibu dakika moja ya tao, yaani sehemu moja ya sitini ya nyuzi. Kwa hiyo tunalenga nyota kadhaa zilizotawanyika anga nzima, tunaandika kila moja tumeikosa kwa kiasi gani, kisha tunakokotoa modeli ya ulengaji, yaani hesabu ya kusahihisha makosa hayo.

Na modeli hiyo, niseme ukweli, si safi kama inavyochorwa vitabuni. Baadhi ya vipengele vyake vina maana: mhimili umeinama, fremu imepinda. Vingine tunaviongeza kwa sababu tu makosa yanapungua. Ukiniuliza kipengele cha tisa ni kitu gani kwenye chuma, nitakuonyesha grafu halafu nitabadilisha mazungumzo.



Kinachoniudhi hasa ni watu kutazama katikati ya picha tu. Katikati husamehe mengi. Darubini kubwa ya SALT kule Sutherland, Afrika Kusini, yenye kioo cha vipande 91, ilipata nuru ya kwanza mwaka 2005. Baadaye ikaonekana nyota za pembezoni zimevurugika. Kasoro ilikuwa kwenye namna kirekebishi, yaani seti ya vioo vinavyosahihisha picha, kilivyoshikizwa kwenye darubini. Ikabidi kishushwe na kufanyiwa kazi upya, na sayansi ikashika kasi mwaka 2011.

Picha yetu ya juzi ilikatwa kingo kabla ya kuonyeshwa. Ninayo nzima: nyota za upande wa kushoto zimefura. Kesho usiku nazungusha kamera nyuzi 90. Uvimbe ukibaki kushoto mwa picha, kamera ndiyo iliyokaa mshazari. Ukihama, tunarudi kwenye vioo.