Jeraha la ugwe mgongo na jeraha la neva: yanatofautianaje?

Tukisikia mtu "ameumia uti wa mgongo" huwa tunachanganya vitu viwili. Pingili za mgongo ni mifupa. Ndani yake umepita ugwe mgongo, kamba laini ya neva (mishipa ya fahamu) yenye urefu wa sentimita 45 hivi kwa mtu mzima, inayopitisha ujumbe kati ya ubongo na mwili. Mfupa unaweza kuvunjika ugwe ukabaki salama, na ugwe unaweza kuumia bila mfupa wowote kuvunjika.

Ugwe ukiumia, kinachoathirika ni sehemu za mwili zilizo chini ya jeraha. Jeraha la shingoni hupoozesha mikono na miguu. La kifuani huiacha mikono ikiwa na nguvu. Likiwa juu kabisa shingoni, hata kupumua huwa shida.

Jeraha huitwa kamili pale hisia na nguvu zinapotoweka kabisa, hata kuzunguka njia ya haja kubwa. Daktari hupima hapo makusudi: hisia ikiwepo, hata hafifu, jeraha si kamili na matumaini ya kupata nafuu ni makubwa zaidi. Ila siku za mwanzo ugwe huwa kama umezimia, kwa hiyo ndugu wasikimbilie kukata tamaa kwa kilichoonekana siku ya kwanza.

Kupooza ndiko kunakoonekana. Yanayofichwa kwa aibu ni kushindwa kuzuia mkojo au choo, kupoteza uwezo wa tendo la ndoa, na vidonda vya kulalia ambavyo mgonjwa hasikii maumivu yake. Haya yasemwe mapema, maana mengi yana msaada.

Neva za nje ya ugwe zikiumia, dalili hubaki kwenye eneo la neva hiyo tu: ganzi, kuwaka moto, kiganja kinachoning'inia, au unyayo unaoburuta. Mwaka 1943 daktari Mwingereza Herbert Seddon aliyagawa majeraha haya katika makundi matatu: neva iliyobanwa tu, iliyokatika nyuzi za ndani huku ganda likiwa zima, na iliyokatika yote, ambayo kwa kawaida huhitaji kushonwa. Nyuzi hizi huota upya, kama milimita 1 kwa siku, jambo ambalo ugwe hauwezi.

Ugwe huishia sehemu ya juu ya kiuno. Chini yake hushuka fungu la neva mfano wa mkia wa farasi. Fungu hilo likibanwa, mtu hupata ganzi sehemu zinazogusa kiti akikaa, na mkojo hugoma kutoka. Huyo apelekwe hospitali saa hiyohiyo.