Programu huru: kifaa umenunua, ufunguo anao nani?

Kiswahili kina bahati katika jambo hili. Waingereza wana neno moja tu kwa kitu cha bure na kwa kitu kilicho huru, kwa hiyo kila wanapoieleza dhana ya programu huru hutumia nusu saa kuondoa mkanganyiko. Sisi "bure" ni bure na "huru" ni huru. Programu huru inaweza kuuzwa kwa bei, na programu ya bure inaweza kukufunga mikono. Angalia simu yako: zimo programu ambazo hukuzilipia, hukuziomba, na kuzifuta huwezi.

Aliyeipa dhana hii umbo ni Richard Stallman, mtunzi wa programu aliyekuwa chuo kikuu cha MIT, Marekani. Alitangaza mradi wa GNU, wa kutunga mfumo huru wa kompyuta, mwaka 1983, na 1985 akaanzisha Free Software Foundation, shirika la kutetea programu huru. Kwao, programu ni huru mtumiaji akiwa na mambo manne, ambayo kwa desturi ya watu wa kompyuta huhesabiwa kuanzia sifuri: kuiendesha kwa kazi yoyote apendayo, kuichunguza na kuibadilisha, kuwapa wengine nakala, na kuwapa pia nakala aliyoibadilisha. Ili mtu aichunguze lazima apate msimbo chanzo, yaani programu kama ilivyoandikwa na binadamu, kabla haijageuzwa kuwa lugha ya mashine.

Hiyo ni programu. Kifaa kina jambo jingine juu yake, nalo ndilo linalowaponyoka wanunuzi wengi.

Mwaka 1999 ilianza kuuzwa Marekani mashine iitwayo TiVo, ya kurekodi vipindi vya televisheni. Tuseme binamu wa ving'amuzi vyetu. Ndani yake mlikuwa na Linux, kiini cha mfumo wa kompyuta kilicho programu huru, ambayo leseni yake, iitwayo GPL, inamdai muuzaji autoe msimbo. Kampuni iliutoa. Ungeweza kuusoma, kuubadilisha, hata kumpa jirani. Lakini ukiirudisha programu yako ndani ya mashine, ilikataa kuwaka, kwa sababu kila ilipowashwa ilikagua saini ya kidijitali ya kampuni, na saini hiyo wewe huna. Yaani umepewa mapishi yote ya pilau, ila jiko limefungwa kwa kufuli. Tabia hiyo ikapewa jina la mashine yenyewe. Toleo la 3 la leseni ya GPL, la mwaka 2007, likaweka sharti kwamba anayeuza kifaa cha matumizi ya nyumbani chenye programu ya leseni hiyo atoe pia kile kinachohitajika ili mnunuzi aweze kuweka toleo lake. Linux yenyewe ilibaki na toleo la 2, lisilo na sharti hilo. Ndiyo sababu simu ya Android inaweza kuwa na Linux ndani na bado ikawa imefungwa kabisa.

Kwa hiyo muuzaji akikwambia "hii ina Linux", hajakujibu. Swali ni hili: nikitaka kuweka programu nyingine humu, nitamwomba nani ruhusa?

Free Software Foundation ina alama ya kuthibitisha vifaa, Respects Your Freedom. Kilichotangulia kuipata ni printa ya 3D ya LulzBot, mwaka 2012. Masharti ni makali, na orodha yenyewe ni fupi: zimo vifaa vidogo vya Wi-Fi na kompyuta kuukuu za ThinkPad zilizofumuliwa na kuwekewa programu mpya mpaka ile inayoiwasha mashine. Mimi naiona orodha hiyo kama kipimo zaidi kuliko duka. Inakuonyesha uhuru kamili ukoje, halafu unajua kifaa ulichoshika mkononi kimepungukiwa wapi.

Simu imepungukiwa pakubwa, kwa sababu sehemu yake inayozungumza na mnara ina programu yake iliyofungwa. Hata hivyo zinapishana. Google Pixel zinazouzwa bila masharti ya mtandao wa simu, na Fairphone, humruhusu mwenyewe kufungua kufuli la kuwashia na kuweka mfumo mwingine. Huawei waliacha kutoa namba za kufungulia mwaka 2018. Kisha kuna simu za mkopo, zile za kulipa kila siku, ambazo anayekudai huzifunga akiwa mbali ukichelewesha malipo. Kufuli hilo si siri, na bila hilo wengi wasingekopeshwa. Ila uliza mapema, kabla ya kutoa malipo ya kwanza, kama deni likiisha na kufuli huondoka.

Ruta, kile kiboksi cha kusambaza intaneti nyumbani, ndiyo rahisi kuanza nayo, na historia yake inafundisha. Linksys WRT54G ilitoka mwishoni mwa 2002. Watu wakagundua ina Linux, wakaudai msimbo, na mwaka 2003 ukatolewa. Kutokana nao ukazaliwa mradi wa OpenWrt, mfumo huru wa ruta, ambao leo unaendesha ruta za kampuni nyingi. Mwaka 2005 lakini likaja toleo la 5 la ruta ileile: boksi lilelile, jina lilelile, ndani Linux imeondolewa, kumbukumbu imepunguzwa nusu. Waliotaka ya zamani wakatengenezewa nyingine, WRT54GL, kwa jina lililoongezwa herufi moja tu.

Mchezo huo haujaisha. Ruta mbili zenye jina moja zinaweza kuwa na chipu tofauti, na kinachozitofautisha ni namba ya toleo kwenye kibandiko cha chini. Ukiwa Kariakoo au Luthuli Avenue, igeuze ruta, soma kibandiko, kisha itafute namba hiyo kwenye orodha ya OpenWrt hapo hapo dukani. Kwa simu, orodha ya LineageOS, mfumo mbadala uliojengwa juu ya Android, hufanya kazi hiyohiyo. Muuzaji akikuzuia kugeuza mzigo, duka la pili liko hatua tatu mbele.