Jamani, mshiko wa nguvu si kuikaba fimbo

Jumamosi iliyopita, saa moja na nusu asubuhi, mzee mmoja aliitikia shikamoo yangu, akaweka ndoo ya mipira ya gofu chini, kisha akanyoosha kiganja cha kulia nikione. Malengelenge mawili, moja limeshapasuka. "Kocha, wenzangu wameniambia mpira unakatia kulia kwa sababu mshiko wangu ni dhaifu. Nimeukaza mwezi mzima. Sasa ndiyo unapotea kabisa."

Nilitaka kucheka, nikashindwa, maana nimeshaisikia hii mara nyingi mno.

Tuelewane. "Nguvu" katika mshiko wa nguvu haihusiani na kubana. Unaweza kuwa na mshiko wa nguvu huku umeishika fimbo kama kijiko cha uji, na unaweza kuwa na mshiko dhaifu huku mishipa imekutoka shingoni. Majina haya yanaeleza mikono imekaa upande gani wa fimbo, basi. Aliyeyabuni alituachia kazi. (Na kwa vijana wa mjini wanaodhani mshiko ni pesa: huo nao kwangu ni dhaifu.)

Kwa anayecheza kulia, mkono wa kushoto ndio unaokaa juu. Tazama chini uhesabu vifundo vya vidole, vile vya kupigia konzi. Ukiona viwili, uko katikati. Vitatu au zaidi, mkono umezungukia kulia na mgongo wake unatazama juu: mshiko wa nguvu. Kimoja au hakuna: dhaifu. Ile V baina ya gumba na shahada huelekea bega la kulia mshiko ukiwa wa nguvu, na kidevu ukiwa dhaifu. Mkono wa kulia uifuate V hiyohiyo. Mambo ya kupandisha kidole cha mwisho kama Vardon, bingwa wa zamani, au kuvisuka vidole kama mabingwa Nicklaus na Woods tuyaache, ni suala jingine.

Kwa nini inaleta tofauti? Fimbo ikishuka kwa kasi, mikono huvutwa irudi ilivyozoea kukaa. Kama uliishika fimbo ukiwa umeizungushia mikono kulia, itarudi na kuufunga uso wa fimbo, ile sehemu bapa inayogonga mpira, yaani kuugeuzia kushoto. Mpira utaelekea kushoto. Uliishika dhaifu, uso unabaki wazi, mpira unakatia kulia. Na uso ndio bosi. Zamani tulifundishwa kuwa mpira huanza kufuata njia ya fimbo. Rada za kupima mpira zikaja kutuumbua: kwa draivu, ile fimbo ndefu ya mapigo ya mbali, takriban asilimia 85 ya uelekeo wa mwanzo hutoka kwenye uso, kwa aironi, zile fimbo fupi za kichwa chembamba cha chuma, kama 75.

Sasa njoo kwenye kinachonikera hasa. Nikisema "zungusha mkono kulia", mtu huzungusha mkono pamoja na fimbo! Anahesabu vifundo vitatu, anatabasamu, anapiga, mpira unakatia kulia kama jana. Hukubadilisha kitu, ndugu yangu. Umeigeuza saa nzima ukutani ili mshale uonekane uko kwenye sita. Mshiko ni uhusiano wa mkono na uso wa fimbo, na vikizunguka pamoja uhusiano ni uleule.

Kwa hiyo usizungushe. Achia. Weka kichwa cha fimbo chini, uso ukitazama unakolenga, ushikilie chuma kwa vidole vya kulia, chini kabisa ya mpira wa kushikia. Mkono wa kushoto uondoe kabisa, uache uning'inie, kisha uulete upya na kuupachika mahali papya huku uso haujasogea hata kidogo. Utaona vibaya. Utahisi umeshika fimbo ya mtu mwingine. Ndiyo dalili kwamba safari hii kweli umebadilisha.

Halafu kuna glavu. Ya mzee ilikuwa na tundu kwenye kisigino cha kiganja, chini ya kidole cha mwisho, mahali penye ngozi nene. Tundu la hapo linasema fimbo inapita kiganjani badala ya vidoleni, na kila pigo inateleza. Ikiteleza unabana, ukibana mikono inakuwa migumu, mikono migumu haiwezi kufunga uso. Unaona mduara? Alikuwa akijitibu kwa ugonjwa wenyewe. Na kama ni jasho letu la Dar es Salaam la Februari, osha mpira wa fimbo kwa maji ya vuguvugu, sabuni ya vyombo na brashi. Usibane jasho.

Wengine wanamtaja Ben Hogan, bingwa wa Marekani: alidhoofisha mshiko, kisha 1953 akachukua mashindano makubwa matatu, Masters, US Open na The Open ya Carnoustie, Uskoti. Kweli. Lakini Hogan alikuwa akiteswa na mpira unaokunja kushoto. Wewe wako unakatia kulia halafu unaiga mshiko wake. Umekunywa dawa ya mgonjwa wa kitanda cha pili.

Hapo wanaopenda kanuni hunirukia: basi wa kati ndio sahihi? Hapana. Bernhard Langer, Mjerumani, alichukua Masters mara mbili, 1985 na 1993, kwa mshiko wa nguvu. Paul Azinger, wa nguvu kupindukia, alichukua PGA, shindano jingine kubwa, 1993. Aliuzungusha mwili mapema hadi uso haukupata nafasi ya kufunga.

Mimi mwenyewe nilianza nikiwa kedi, mbeba fimbo za wachezaji, na aironi moja nzito kunizidi, kwa hiyo mshiko wangu ulikuwa wa nguvu kama wa watoto wengi. Kocha mmoja akanihamishia wa kati kwa sababu "ndio sahihi". Nilipoteza miaka miwili. Kisha, nilipoanza kufundisha, nikawafanyia wengine vilevile, tena kwa kujiamini. Kuna wawili waliacha gofu, na mpaka leo sijui kama ni kazi ziliwabana au ni mimi.

Siku hizi naanza hivi: simama, achia mikono ining'inie, tazama chini. Vifundo unavyoviona vya mkono wa kushoto ndiyo hali yako ya asili, karibu na hapo ndipo pa kuanzia. Si kipimo cha kuapia. Ukiinamisha kichwa kidogo tu idadi inabadilika, na wapo ambao kimewadanganya nikalazimika kurudi nyuma.

Mzee alining'iniza, tukaona vitatu. Kwenye fimbo alikuwa na kimoja. Tukapachika upya, kati ya viwili na vitatu. Mpira wa kwanza ulitambaa kushoto hadi kwenye uzio. "Kocha, umenimaliza." Wa kumi na kitu ukaruka sawasawa. Kwa aironi, lakini. Draivu bado inakatia kulia, maana fimbo yake inashuka kutoka nje kuja ndani, na hilo halitatibiwa na mshiko wowote.

Jumanne alirudi na glavu mpya. Ile yenye tundu nimemwomba aniachie, nimeitundika kwa msumari pale kibandani zinapochukuliwa ndoo.