"Ni uzee tu": maana ya kuzeeka kwa afya

Bibi akilalamika kwamba haoni vizuri, jibu analopewa mara nyingi ni hili: "Ni uzee tu huo, bibi." Magoti yanauma, uzee. Anasahau sahau, uzee. Ukitaka kuielewa dhana ya kuzeeka kwa afya, anza na kauli hiyo, maana kazi kubwa ya afya ya jamii kwa wazee ni kuikataa.

Chukua mtoto wa jicho. Lenzi ya jicho inaingia ukungu, na umri unachangia kweli. Lakini upasuaji wake kwa kawaida hauchukui hata nusu saa: lenzi yenye ukungu inatolewa, inawekwa ya bandia. Aliyekuwa akishikwa mkono kwenda chooni sasa anachambua mwenyewe mchele kwenye ungo na kuona kila kijiwe. Huo uzee ulikwenda wapi?

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya 2015, lilieleza kuzeeka kwa afya kuwa ni kujenga na kulinda uwezo wa mtu kufanya mambo anayoyathamini hadi uzeeni. Haikusemwa kwamba asiwe na ugonjwa. Mzee mwenye presha anayemeza dawa zake, anayekwenda msikitini kwa miguu na jioni kubishana na wenzake kwenye bao, anazeeka kwa afya. Yule ambaye vipimo vyake vyote ni safi, lakini wiki nzima hatoki ndani kwa sababu ngazi za nyumba ya mwanawe zinamshinda, huyo hazeeki kwa afya. Umoja wa Mataifa umeutenga muongo mzima, 2021 hadi 2030, kwa ajili ya jambo hili.

Daktari anamshughulikia mgonjwa aliyeketi mbele yake. Afya ya jamii inawafuata ambao hawajafika kwake, tena miaka mingi kabla. Presha haiumi, mtu anaweza kukaa nayo tangu miaka 40 akaijua siku anapopooza upande mmoja. Ndiyo maana kupima watu wenye nguvu zao, kupunguza sigara, na kuhimiza chumvi isizidi gramu 5 kwa siku (kama kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo kwenye mkate na vitafunwa) ni huduma kwa wazee, ingawa wanaoipokea bado ni vijana.

Mfano unaonigusa zaidi uko Kanda ya Ziwa, Tanzania. Huko wanawake wazee wamewahi kuuawa kwa kushukiwa uchawi, na macho mekundu yakachukuliwa kuwa ushahidi. Wekundu huo kwa wengi ulitokana na moshi: miaka mingi ya kuinama mbele ya mafiga, wakipikia kuni, na pale miti ilipokwisha, kinyesi cha ng'ombe. Jiko lisilotoa moshi linampunguzia bibi kikohozi. Huko linaweza pia kumwepusha na panga.

Halafu kuna pesa. Utauliza, pensheni na afya wapi na wapi? Asiye na nauli hafiki kliniki, na anayesubiri mtoto atume chochote ndipo ale, hali mboga wala samaki anavyotaka. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kumlipa kila mkaazi aliyefika miaka 70 pensheni jamii, mwanzoni shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kuuliza kama aliwahi kuajiriwa. Ni pesa ndogo, lakini haiombwi kwa mtu, na kwa mzee hilo si dogo.

Tanzania Bara kuna Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003, inayomhesabu mzee kuanzia miaka 60, na hospitali nyingi zina dirisha la wazee. Ni jambo jema. Ila kituo kimoja nilichompeleka mama mkubwa kilikuwa na bango la kumpisha mzee, kubwa, la rangi, limebandikwa juu ya ngazi sita zisizo na pa kushika. Alizipanda akiegemea bega langu, akapumzika mara mbili, na tulipofika juu akaniomba nimsomee limeandikwa nini.