"Weka chuma, achana na mbao": dhana tunazokuja nazo kwenye kozi ya sharpanti

Siku ya kwanza ya kozi ya sharpanti, yaani hesabu za viunzi vya mbao na chuma vinavyobeba jengo, huwa nawauliza wanafunzi wangu hapa Goma, mashariki mwa Kongo: mkipata pesa, nyumba zenu mtazijenga kwa nini? Beto (zege) na chuma, darasa zima linajibu. Mbao haitajwi, ingawa wengi wao asubuhi hiyo wameamka ndani ya nyumba ya mbao. Siwalaumu. Lava ya volkano ya Nyiragongo ilipokata mji tarehe 17 Januari 2002 na kuingia ziwani, watu walirudi juu ya mawe yale meusi na kusimamisha nyumba za mbao na manjanja (mabati), kwa kuwa ndivyo vilivyopatikana upesi. Tangu hapo mbao imebaki na sura ya shida, kitu cha kungojea hali iwe nzuri. Sura hiyo inaingia na mwanafunzi hadi kwenye karatasi ya mahesabu.

"Chuma kina nguvu kuliko mbao, mjadala umekwisha."

Ukilinganisha vipande viwili vya unene mmoja, ni kweli. Feleji ya daraja la kawaida, S235 (darasani sote tunasema chuma tu), hubeba nyutoni 235 kwa kila milimita ya mraba kabla ya kuanza kunyooka bila kurudi. Mbao ya daraja la C24 ikipindwa huhesabiwa 24. Karibu mara kumi.

Ila kila boriti hujibeba yenyewe kwanza. Mita moja ya ujazo ya feleji ina kilo 7,850, ya C24 ina kama 420. Gawanya nguvu kwa uzito na mbao inaipita feleji karibu mara mbili. Gawanya ukaidi wake, yaani kile kipimo cha kukataa kunyumbuka ambacho vitabu vyetu huandika kwa herufi E: feleji 210,000, mbao 11,000. Kwa uzito ule ule zinatoka sare, takriban 26.8 kwa 26.2. Mara ya kwanza nilipopata namba hizo nilidhani kalkuleta imeharibika.

Kwetu huku hili lina uzito wa pekee, kwa sababu ardhi yetu haitulii. Bukavu ilitikiswa tarehe 3 Februari 2008. Goma ilitikisika siku kadhaa mfululizo baada ya mlipuko wa tarehe 22 Mei 2021. Tetemeko halina mzigo wake lenyewe, linautumia uzito wa jengo kulisukuma jengo. Nyumba nyepesi husukumwa kidogo.

Udhaifu wa mbao uko kwingine. Ivute kufuata nyuzi zake, C24 inastahimili 14; ivute kukatisha nyuzi, inabaki na 0.4. Kila mama aliyewahi kupasua kuni anajua shoka linaingia upande gani. Mwanafunzi anayechora bolti inayoivuta mbao kukatisha nyuzi anapasua kuni, tofauti ni kwamba yeye anatumia kompyuta.

"Boriti ikibonyea sana, tafuta chuma kikali zaidi."

Hii ndiyo naipenda kuliko zote, maana hata waliofaulu mitihani huangukia hapa. Chukua boriti ya IPE 200 (ya feleji, umbo la herufi I, kimo milimita 200), mita 6 kati ya nguzo na nguzo, imeshikwa vizuri pembeni, inabeba kilonyutoni 8 kwa kila mita. Kwa nguvu, mzigo huo inaubeba. Pima sasa inavyobonyea katikati: milimita 33. Ukifuata kikomo cha urefu kugawanya kwa 250, inaruhusiwa 24.

Mwanafunzi anatoa S235 anaweka S355, ambayo bei yake ni ya juu na kuipata mjini ni kazi. Anahesabu upya. Milimita 33 ile ile. Hakuna kilichobadilika, kwa sababu E ya feleji ni moja, iwe kali au ya kawaida. Ukali unaongeza kiasi inachobeba kabla ya kuharibika, kubonyea hakuguswi. Badala yake angechukua IPE 220, S235 ile ile ya bei nafuu, angeongeza kilo 3.8 tu kwa kila mita na kushuka hadi milimita 23. Umbo ndilo lililofanya kazi.

Maseremala wetu wanalijua hili bila fomula. Mbao ya sentimita 5 kwa 15 wataisimamisha kwa ubavu, hawawezi kuilaza. Ikisimama inakuwa kaidi mara tisa na yenye nguvu mara tatu kuliko ikilala, bila kuongeza hata franga moja. Nilimuuliza mzee mmoja wa useremala kwa nini anafanya hivyo. Akanitazama kana kwamba nimeuliza kwa nini mvua inaanguka chini. "Mtoto wangu, ikilala inachoka."

Urefu nao haucheki na mtu. Ongeza nafasi kati ya nguzo mara mbili, mzigo wa kila mita ukibaki ule ule: kubonyea kunaongezeka mara kumi na sita. Sebule pana kama ukumbi wa harusi zinagharimu hapo, kabla hata hujanunua saruji.

"Nguzo huvunjika kwa kuelemewa na uzito."

Nguzo fupi na nene, ndiyo. Nguzo ndefu nyembamba hujikunja pembeni kabla chuma chenyewe hakijachoka, kama fito unayoibana kati ya kiganja na sakafu. Leonhard Euler aliandika kanuni yake mwaka 1744: ukiongeza urefu mara mbili, mzigo inaoweza kubeba unashuka hadi robo. Na hapa tena ukali wa chuma hausaidii sana nguzo nyembamba, ni E na umbo tu. Kwa kipimo cha jinsi umbo linavyokataa kupinda, ile IPE 200 ina namba 1,943 upande mmoja na 142 upande wa pili. Itajikunja kuelekea udhaifu wake, haitakuuliza ulichora upande gani.

Tarehe 29 Agosti 1907 daraja la Québec, Kanada, lilianguka likiwa bado linajengwa na kuua wafanyakazi 75. Vipande vikubwa vya chini, vilivyokuwa vinabanwa, vilijikunja. Vilikuwa vimeanza kupinda siku kadhaa kabla, watu wakiviona.

"Ukishapata ukubwa wa boriti, kazi imekwisha, viungo ni vya fundi."

Kozi nyingi huweka viungo sura ya mwisho, na sura ya mwisho ndiyo inayokatwa muda ukiisha. Matokeo yake mhandisi anatoka chuoni akijua kuhesabu boriti na asijue inashikwa na nini. Tarehe 17 Julai 1981, katika hoteli ya Hyatt Regency mjini Kansas City, Marekani, vijia viwili vya juu vilianguka juu ya watu waliokuwa wakicheza dansi chini; wakafa 114. Vijia vyote viwili vilipaswa kuning'inia kwenye fito zile zile ndefu. Ili kurahisisha kazi, kila fito ikagawanywa mbili: kijia cha chini kikaning'inia kwenye boriti za kile cha juu, na nati iliyokuwa ibebe kijia kimoja ikabeba viwili. Kwenye mchoro ni badiliko la mistari michache.

Huku kwetu kiungo kinachonikosesha usingizi ni msumari. Msumari laini uliopigwa kwenye kichwa cha mbao, ukiingia sambamba na nyuzi, Eurocode 5, yaani kanuni za Ulaya za majengo ya mbao, haiuhesabu kuwa unabeba kitu. Nao ndio unaoshika paa nyingi mjini. Manjanja ni mepesi mno, na upepo wa mvua unapopita juu yake unayanyonya kwenda juu. Anayejua kuhesabu paa linavyobonyea tu amehesabu nusu ya kazi. Paa huwekewa mabamba au nyaya za kulifunga kwenye ukuta na nguzo ili lisiruke. Moshi wa Nyiragongo nao una gesi zinazogeuza mvua kuwa ya asidi, inayokula zinki ya manjanja na vichwa vya misumari. Vijiji vilivyo magharibi mwa mlima vinalijua hilo vizuri. Kwa hiyo kiungo kinachotosha leo kihesabu pia kikiwa na kutu.

"Moto ukija, chuma hakiungui, mbao inaungua."

Chuma hakiungui, kinalegea. Kwenye digrii 600 kinabaki na chini ya nusu ya nguvu yake. Boriti nene ya mbao huungua kutoka nje kwa mwendo unaojulikana, karibu milimita 0.65 kwa dakika kwa mbao laini, na ndani ya mkaa huo kiini kinaendelea kubeba. Lakini asije mtu akaisoma hii kama sifa ya vibanda vyetu. Ubao wa sentimita mbili hauna kiini cha kubaki.

"Namba za kitabuni ni za mbao yoyote."

C24 ni jina la mbao iliyopangwa daraja, vifundo vimehesabiwa, imekauka. Mkaratusi uliokatwa wiki iliyopita na kuletwa kwenye lori bado unatoa maji hauna cheti hicho. Tena mbao inakumbuka: mzigo inaoubeba miaka yote hupunguza nguvu unayoruhusiwa kutumia hadi asilimia 60, huku upepo wa muda mfupi ukikuruhusu 90. Feleji haina hesabu ya namna hiyo kwenye majengo ya kawaida, ndiyo maana wanaoanza na chuma huisahau wakifika kwenye mbao.

Kuna jaribio la bei ya mfuko wa saruji. Simamisha mbao ya 5 kwa 10 kwa ubavu juu ya mawe mawili yaliyoachana mita 3, ning'iniza mfuko wa kilo 50 katikati, pima kwa rula imeshuka kiasi gani. Ikishuka milimita 6, E yake iko karibu na 11,000. Ikishuka 9, una mbao ya kama 7,300 na mahesabu yako yote ya C24 yafute. Haikuambii inavunjika lini. Inakuambia kama kitabu chako kinaongea juu ya mti ule ule.

Na ukiwa na noti za darasani zinazofuata kanuni za zamani za Kifaransa, CM66 kwa chuma na CB71 kwa mbao, usizichanganye na Eurocode ndani ya hesabu moja. CB71 huweka usalama ndani ya mkazo unaoruhusiwa, Eurocode huugawa kati ya mzigo na nguvu. Changanya, na usalama ama unahesabiwa mara mbili ama haumo kabisa. Sura ya uzito wa theluji juu ya paa irukeni, kwetu haihusu. Majivu ya volkano yaliyolowa maji, yakifika sentimita 10, yanaweza kupita kilo 100 kwa mita ya mraba, na sura ya majivu haimo kwenye noti.

"Programu ya mahesabu imeonyesha kijani, basi jengo ni salama."

Hii ni yangu mwenyewe. Nikiwa mwanafunzi nilichora nguzo ya ghala, nikaigawa vipande vinne ili nipate pa kufungia mbao za ukuta. Zile mbao hazikuwa na nguvu ya kuishika nguzo, lakini programu haikujua. Ikachukua urefu wa kujikunja kuwa wa kipande kimoja, robo ya nguzo. Kwa kanuni ya Euler, nikawa nimeiongezea nguzo yangu nguvu mara kumi na sita kwa kubofya. Kila kitu kijani. Mwalimu aliyesimamia kazi alinyamaza, akaweka kidole chini ya nguzo, akakipandisha polepole hadi juu, akauliza: "Hapa katikati, kijana, nani anaishika?" Nilirekebisha urefu mbele yake. Nguzo zote nane zikageuka nyekundu.