Mtaji wa mzunguko ni nini?

Mtaji wa mzunguko ni fedha inayonunua mali, ikaihudumia hadi iuzwe, kisha ikarudi kununua mali nyingine. Mizani, maturubai na vichanja vya kuanikia ni mtaji pia, lakini vimekaa. Huu wa mzunguko hautakiwi kukaa, wala kupungua bila mwenyewe kujua.

Chukua mama anayenunua dagaa wabichi kwenye mwalo wa Kibirizi, Kigoma. Tuseme asubuhi amelipa shilingi 200,000. Aliyemsaidia kuanika na kugeuza kachukua 10,000, magunia 6,000, usafiri hadi sokoni 24,000. Mtaji uliotoka ni 240,000. Akiuza kwa 300,000, faida ni 60,000. Jioni ya siku ya mauzo unga umekwisha na shule inadai mchango, anachomoa 80,000. Amekula mtaji, 20,000 nzima, na hana habari, maana mkononi bado ana 220,000, nyingi kuliko alizolipa mwaloni. Akirudia hivyo mara kadhaa, ataanza kununua beseni pungufu na kusema biashara imekuwa ngumu, kumbe wateja wapo palepale. Ndiyo maana gharama ndogondogo ziandikwe daftarini siku ileile, hata ya kamba ya kufungia gunia.

Jambo la pili ni muda, na hili husahaulika zaidi. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka, taa hazifui dafu na mitumbwi mingi hupumzika. Masika nayo huchelewesha kukauka. Mnunuzi wa Dar es Salaam akichukua mali kauli, hulipa akishauza. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi ziwani humo kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Fedha ya mama huyu basi yaweza kurudi baada ya wiki tatu, au zaidi.

Sasa mpe mkopo wa marejesho ya kila wiki. Wiki ya kwanza mali bado iko juani. Atalipa nini, kama si fedha ya kununulia mzigo unaofuata? Riba ya mikopo ya kausha damu inaumiza, nasi tunailaani kwa haki, ila ratiba yake nayo inaua. Hata mikopo ya halmashauri isiyo na riba, ile asilimia 4 ya mapato ya ndani inayotengwa kwa vikundi vya wanawake, italemea kikundi kama marejesho yanatangulia mauzo.

Kabla ya kutia sahihi, hesabu siku tangu fedha inapotoka hadi inaporudi, kisha uliza rejesho la kwanza ni lini. Mzunguko ukiwa wa wiki tatu, omba kulipa kwa mwezi. Wakikataa, kopa kwenye kikoba chenu kiasi kidogo zaidi, mkubaliane tarehe inayofuata mauzo.